Kusahihisha vimo vya kutua kwenye baridi kali: mwongozo kwa marubani wa Pwani

Vijana wa Malindi na Lamu wanaoondoka kwenda kusomea urubani Kanada, au waliopata kazi Alaska, huniuliza maswali yale yale. Baridi inaifanya nini altimita, kile kipimo cha kimo cha ndege? Niongeze futi ngapi? Je, nizungushe kitufe cha altimita cha kuwekea QNH, yaani kanieneo ya hewa ya uwanjani iliyogeuzwa kuwa ya usawa wa bahari? Hili la mwisho nalijibu papa hapa kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote: kitufe usikiguse. QNH uliyopewa ndiyo unayoiweka, hata kama nje ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Kinachobadilika ni vimo vilivyochapwa kwenye chati yako.

Nawaandikia ninyi mliojifunza kuruka kwenye joto. Aliyezoea kupaa kutoka Manda saa nane mchana, shati limelowa jasho, hajawahi kuwa na sababu ya kulifikiria jambo hili. Mtihani unaliuliza maswali machache, unayajibu, unasahau. Kazi yenyewe huja baadaye, usiku, ndani ya mawingu, unaposhuka kwenye uwanja uliozungukwa na milima na altimita inakwambia uko juu kuliko ulipo.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Ripoti ya METAR (hali ya hewa iliyopimwa uwanjani) ya karibuni kabisa ya uwanja unaokwenda, na utabiri wa saa utakayofika.
- Chati ya mkaribio wenyewe (njia iliyochorwa ya kushukia uwanjani), si ya mkaribio unaofanana nao.
- Jedwali la masahihisho ya baridi. Lile la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lipo kwenye Doc 8168, na nchi nyingi zimelinakili kwenye vitabu vyao vya marubani. Sehemu yake nimeiweka hapa chini.
- Penseli na karatasi. Simu inaweza kuzimika kwenye baridi, penseli haizimiki.
- Kitabu cha uendeshaji cha kampuni yako. Kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.
- Jibu la swali hili: je, kompyuta ya ndege yako ina mfumo wa kusahihisha halijoto yenyewe, na umewashwa?

Nadharia kidogo tu

Altimita haipimi umbali kutoka chini. Inapima kanieneo ya hewa, kisha inaigeuza kuwa futi kwa kudhani kwamba hewa ni ile sanifu: nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari, ikipungua karibu nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Hewa ya baridi hujibana. Matabaka yake yote yamo, lakini yameshuka karibu na ardhi, mithili ya godoro la usufi lililolaliwa miaka mingi. Altimita inahesabu matabaka, wewe unagonga ardhi.

Pale kwenye kituo kinachotoa QNH hitilafu ni sifuri. Inakua kadiri unavyokuwa juu ya kituo hicho. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 chini ya kiwango sanifu zinakupa hitilafu ya asilimia 4 ya kimo chako juu ya kituo. Makadirio haya yanatosha mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, tumia jedwali.

Sasa ondoeni dhana moja. Mtu wa Pwani akifika Eldoret alfajiri ya Julai huvaa makoti mawili. Altimita haioni baridi hiyo. Uwanja wa Eldoret uko futi 6,900 na ushei, na kwa kimo hicho halijoto sanifu ni kama nyuzi 1. Asubuhi ya nyuzi 10 inayomtetemesha Mmalindi bado ni joto kupita kiwango. Nairobi ni vivyo hivyo: Jomo Kenyatta iko futi 5,330, halijoto sanifu yake ni nyuzi 4 na kidogo, na baridi ya Nairobi haishuki hapo kirahisi. Kwa hiyo usipime baridi kwa ngozi. Linganisha na kiwango.

Jedwali

Safu ya kwanza ni kimo juu ya kituo cha QNH, kwa futi. Zinazofuata ni futi za kuongeza, kulingana na halijoto ya uwanjani.

| Kimo | 0 | -10 | -20 | -30 | -40 | -50 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 200 | 20 | 20 | 30 | 40 | 50 | 60 |
| 500 | 30 | 50 | 70 | 100 | 120 | 150 |
| 1,000 | 60 | 100 | 140 | 190 | 240 | 300 |
| 1,500 | 90 | 150 | 210 | 280 | 360 | 450 |
| 2,000 | 120 | 200 | 280 | 380 | 480 | 590 |
| 3,000 | 170 | 290 | 420 | 570 | 720 | 890 |
| 4,000 | 230 | 390 | 570 | 760 | 970 | 1,190 |
| 5,000 | 280 | 490 | 710 | 950 | 1,210 | 1,500 |

Jedwali limepigiwa hesabu ya uwanja ulio kwenye usawa wa bahari. Ukilitumia kwenye uwanja ulioinuka litakuongezea kidogo zaidi ya unachohitaji, na ziada hiyo iko upande wa usalama.

Hatua kwa hatua

Tuchukue uwanja wa mfano: mwinuko wake ni futi 700, na halijoto ni nyuzi 30 chini ya sifuri.

1. Soma halijoto kwenye METAR. Utaiona kama M30/M34. Herufi M maana yake ni chini ya sifuri. Namba ya kwanza ni halijoto ya hewa, ya pili ni kiwango cha umande. Wanafunzi wengi husoma ya pili kwa haraka. Usitumie kipimajoto cha ndege kilicho nje ya dirisha ukiwa futi 9,000, kwa sababu jedwali linataka halijoto ya pale uwanjani, kwenye kituo kinachotoa QNH.

2. Angalia sheria ya nchi uliyomo. Kanada, masahihisho huanza halijoto ikiwa sifuri au chini yake. Marekani, FAA, mamlaka ya anga ya huko, imeteua viwanja vyake vya baridi: tafuta alama ya chembe ya theluji kwenye chati, na halijoto iliyoandikwa kando yake kwa Selsiasi. Halijoto ikifika hapo au ikishuka zaidi, sahihisha, na orodha ya viwanja hivyo inakwambia ni sehemu zipi za mkaribio zinazohusika. Kwingineko soma kitabu cha taarifa za anga cha nchi hiyo. Rubani mkuu ndiye mwenye jukumu popote pale.

3. Orodhesha kila kimo cha chini kilichomo kwenye chati: cha sehemu ya mwanzo, cha sehemu ya kati, cha nukta ya FAF (inapoanzia sehemu ya mwisho ya mkaribio), cha ngazi zote za kushukia baada ya FAF, MDA au DA (kimo ambacho chini yake hushuki bila kuiona njia ya kurukia), na kile cha kughairi kutua. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi, nacho ndicho kitakachokupitisha juu ya mlima injini zikiunguruma na moyo ukidunda. Kwa mfano wetu: sehemu ya kati 3,700, FAF 2,700, ngazi 1,700, MDA 1,200, kughairi kutua 4,700.

4. Toa mwinuko wa kituo kutoka kila kimo. Jedwali halitaki kimo juu ya bahari, linataka kimo juu ya kituo. Sehemu ya kati: 3,000. FAF: 2,000. Ngazi: 1,000. MDA: 500. Kughairi: 4,000. QNH ikitoka uwanja mwingine, toa mwinuko wa uwanja huo mwingine.

5. Soma jedwali. Kwa nyuzi 30 chini ya sifuri tunapata 570, 380, 190, 100 na 760. Kimo kikiangukia katikati ya mistari miwili, gawanya kwa uwiano. Futi 2,400 ni 380 za elfu mbili, na sehemu 4 kati ya 10 za tofauti ya 190 iliyobaki kufika 570, yaani 76. Jumla ni 456, weka 460. Halijoto ikiwa katikati na huna muda wa kugawanya, chukua safu ya baridi zaidi. Usichukue ya joto zaidi hata siku moja.

6. Jumlisha na kimo cha chati, kisha viringisha kwenda juu. Sehemu ya kati inakuwa 4,270, unaruka 4,300. FAF 3,080, unaruka 3,100. Ngazi 1,890, unaruka 1,900. MDA 1,300. Kughairi kutua 5,460, unaruka 5,500.

7. Andika namba mpya kando ya za zamani kwenye chati, za zamani zipigiwe mstari mmoja zibaki zinasomeka. Mpe mwenzako akague, na akague kwa kupiga hesabu upya mwenyewe. Kutazama karatasi yako na kutikisa kichwa si kukagua. Yote haya yafanyike kabla ya kuanza kushuka. Hesabu ya kichwa ndani ya mawingu, huku mnara unakuita na barafu inajenga kwenye mbawa, ndipo watu hutoa badala ya kujumlisha.

8. Mjulishe mwongozaji wa ndege. Mwambie umeongeza futi ngapi kwenye sehemu ya kati na kwenye kimo cha kughairi kutua, kwa kuwa yeye anatenganisha ndege kwa kutumia vimo hivyo na anadhani wewe uko 4,700. Kanada utamwambia pia cha FAF. MDA na DA unazisahihisha mwenyewe bila kuomba ruhusa.

9. Ruka vimo vipya, na QNH ile ile.

Pale unapoelekezwa kwa rada

Hapa ndipo wanafunzi wangu hubishana sana. Mwongozaji akikuelekeza kwa rada na kukupa kimo, kimo hicho usikiongeze kimyakimya. Kanada vimo vya kuelekezea kwa rada vimeshahesabiwa baridi. Ukiongeza zako juu ya zake, unajipeleka kwenye kimo ambacho huenda kina ndege nyingine. Kimo ulichopewa kikiwa chini ya kile ulichopata kwenye hesabu yako, na una wasiwasi, sema. Omba kimo cha juu zaidi. Unaweza kukikubali au kukikataa. Ukikikubali, kiruke kama kilivyo.

ILS, LPV na njia zinazotegemea altimita

Mwali wa ILS, unaoiongoza ndege hadi njia ya kurukia, ni wa redio, nao haujui baridi. Njia ya LPV inatoka kwenye setilaiti, nayo haiathiriki. Njia hizi mbili zitakushusha kwa pembe ile ile Januari na Julai. Lakini DA yake unaisoma kwenye altimita, kwa hiyo DA bado inasahihishwa, na kimo cha kuhakiki pale FAF pia.

Njia ya LNAV/VNAV inayotumia altimita ni habari nyingine. Kompyuta inafuata kanieneo, na kwenye baridi njia nzima inalala, inakuwa bapa kuliko ilivyochorwa. Ndiyo sababu chati inaandika halijoto ambayo chini yake njia hiyo haitumiki bila mfumo wa kusahihisha. Halijoto ikiwa chini ya hiyo na huna mfumo, achana na LNAV/VNAV, tumia LNAV peke yake (mwongozo wa kulia na kushoto tu) pamoja na vimo ulivyosahihisha.

Mtu asidharau njia ya kushukia iliyo chini ya mahali pake. Mei 2022, Airbus A320 iliyokuwa ikikaribia Charles de Gaulle, Paris, ilipewa QNH 1011 wakati ya kweli ilikuwa 1001. Hektopaskali 10 ni kama futi 280. Marubani walikuwa kwenye mkaribio unaotegemea altimita, hawakuiona njia ya kurukia, wakaghairi kutua. Altimita ya redio, ambayo yenyewe hupima umbali hadi ardhini, ilirekodi futi 6 juu ya ardhi, na ndege ilikuwa haijafika uwanjani. Baridi haikuhusika siku ile. Lakini angalia jedwali: nyuzi 30 chini ya sifuri, ukiwa futi 2,000 juu ya uwanja, hitilafu yako inazidi futi 300. Ya baridi hupungua unapokaribia ardhi, ya QNH haipungui, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutokiruhusu kidole chako kikaribie kitufe kile. Anayeizungusha QNH ili "kufidia" baridi anaondoa hitilafu mahali pamoja na kuipanda mahali pengine pote, hadi kwenye njia ya kurukia.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kusahihisha mara mbili. Kompyuta imeshaongeza, rubani naye anaongeza. Amua ni nani anafanya kazi hiyo, na mwenzako ajue.

Kutumia asilimia 4 kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa futi 1,000, makadirio yanakupa 220, jedwali linataka 240. Tofauti ni ndogo hapo, lakini inakua na kimo, na inakua upande wa hatari.

Kusahihisha MDA tu na kuacha ngazi zilizoitangulia. Milima haisubiri sehemu ya mwisho.

Kutoa futi siku ya joto. Huku kwetu swali hili ni la haki kabisa: kama baridi inaongeza, je, Malindi kwenye nyuzi 31 nitoe? La. Joto linakuweka juu kuliko altimita inavyosema, kama futi 60 kwa kila 1,000. Hiyo ni akiba yako dhidi ya ardhi, iache.

Jinsi ya kufanya mazoezi ukiwa Malindi

Joto letu linaonyesha jambo lile lile kinyume chake, na unaweza kuliona kwa macho yako. Panda futi 5,000 juu ya Malindi na QNH ya uwanja, kisha tazama kimo cha GPS. Kwenye joto la nyuzi 31, hesabu ya asilimia 4 inakupa GPS iliyo juu ya altimita kwa kama futi 300. Hakikisha kifaa kinaonyesha kimo juu ya usawa wa bahari, kwa maana baadhi huonyesha kipimo kingine cha umbo la dunia, nacho Pwani kinatofautiana kwa kama futi 100 na kitakuvuruga kabisa. Rubani aliyeyaona mambo haya juu ya Sabaki haoni ajabu akiyakuta Yellowknife.

Kisha chukua chati ya Yellowknife au Fairbanks, soma METAR yake ya Januari, na ufanye hatua zote tisa kwa penseli. Rudia mpaka uzimalize bila kufungua mwongozo huu.

Mambo yakienda mrama

*Mwongozaji anasema hawezi kukupa kimo ulichosahihisha.* Usirudi kwenye kimo cha chati. Omba kuelekezwa kwa rada, omba kusubiri kwenye kimo cha juu, au omba mkaribio mwingine.

*Uko kwenye njia ya LNAV/VNAV, sindano iko katikati, lakini taa za PAPI zilizo kando ya njia ya kurukia zinaonyesha nyekundu tatu, yaani uko chini.* Amini PAPI. Njia imelala kwa baridi. Kagua halijoto ya chini iliyoandikwa kwenye chati, na kama mfumo wa kusahihisha ulikuwa umewashwa.

*Unafuata mwali wa ILS na ukipita FAF altimita inasoma juu ya kimo kilichochapwa.* Ndivyo inavyopaswa kuwa. Linganisha na kimo chako kipya. Vikikaribiana, endelea. Visipokaribiana, hakiki QNH kwanza, kisha hakiki kama umekamata mwali wa kweli.

*Altimita ya redio haikubaliani na hesabu.* Inapima ardhi iliyo chini yako wakati huo, bonde au kilima. Haiwezi kuthibitisha hesabu mpaka uwe juu ya ardhi tambarare.

*METAR imepitwa na saa kadhaa na halijoto inashuka.* Tumia halijoto ya chini zaidi inayotarajiwa saa ya kufika kwako, ili uongeze futi nyingi zaidi. Usiku wenye anga safi, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu yake, na hapo jedwali litakupa zaidi ya unachohitaji. Pokea ziada hiyo.

*Uwanja hautoi halijoto wala QNH yake.* Tafuta kama chati inaruhusu QNH ya uwanja jirani, na upige hesabu kutoka mwinuko wa jirani. Kama hairuhusu, mkaribio huo haupo kwako leo. Nenda kwenye uwanja wako wa akiba mafuta yangali yanatosha.